UZI: Mkaguzi wa uongo aliyemchekesha Tsar, na wote waliojaribu kuirekebisha tamthilia yake

PaziaJekundu

Wakuu, salaam. Humu ndani nyuzi za filamu na muziki hazihesabiki, ila tamthilia tumewaachia watoto wa shule wanaokariri maswali ya mtihani. Leo naleta moja tu. Ni ya vichekesho, iliandikwa Urusi mwishoni mwa 1835, ikapanda jukwaani 1836, na mpaka leo inachezwa. Warusi wanaiita Revizor. Kwetu aliitafsiri Christon Mwakasaka, kitabu kikatoka 1979 kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Mwandishi ni Nikolai Gogol.

Kinachonivutia hasa ni maisha yake jukwaani: nani aliicheza, nani alinuna, nani alitaka kuitengeneza upya. Naweka hoja yangu mapema ili mnipinge vizuri. Tamthilia hii haina mtu mwema hata mmoja, na tangu mwaka ule wa kwanza watu hawajaacha kumtafutia nafasi mtu mwema aingie. Kila aliyemwingiza aliiharibu, akiwemo mwandishi mwenyewe.

Kwa ambao hawajaisoma, kisa ni hiki. Mji mdogo wa mkoani, mbali na kila kitu. Meya wake anasema ukipiga mbio na farasi miaka mitatu hufiki nchi yoyote. Inakuja barua kwamba mkaguzi kutoka Petersburg, mji mkuu wao wa wakati ule, yuko njiani, anakuja kwa siri. Mji unaingia kiwewe. Mahakamani bukini wa mabawabu wanazurura kwenye miguu ya wenye kesi. Hakimu anakula rushwa ya watoto wa mbwa wa kuwindia na anaapa kwamba hiyo si rushwa. Hospitalini dawa za bei hazitolewi, kwa hoja kwamba wa kufa atakufa na wa kupona atapona, na daktari Mjerumani hajui neno la Kirusi. Mkuu wa posta anafungua barua za watu kwa raha zake, zile tamu anazihifadhi. Halafu kuna kanisa lililotengewa fedha miaka mitano nyuma. Meya anaagiza: mkiulizwa, semeni lilianza kujengwa likaungua. (Kila mmoja wenu hapa anajua wilaya lilipo kanisa hilo.)

Wanatokea wenye mashamba wawili, Bobchinsky na Dobchinsky, wanahema: mkaguzi yuko gesti! Kumbe ni Khlestakov, karani wa daraja la chini kabisa, amekula hela zote kwenye karata njiani, hana ya chumba wala ya chakula. Meya anamfuata. Hapo ndipo penye utamu: kijana anadhani amekuja kukamatwa kwa deni la gesti, meya anadhani amekuja kukamatwa kwa wizi, wanatetemekeana. Meya anampenyezea ruble 400 badala ya 200 alizoomba. Kuanzia hapo mji mzima unapanga foleni kumkopesha. Kijana anamtongoza mke wa meya, anamchumbia binti wa meya, kisha anaondoka na farasi bora wa posta. Mkuu wa posta, kwa tabia yake, anafungua barua ya kijana kwa rafiki yake, na siri inatoka. Wakiwa bado wanatukanana, anaingia askari: mkaguzi kutoka Petersburg amefika, anawaita. Wote wanaganda. Pazia.

Naendelea baadaye na ilivyozaliwa.

Mkongwe_wa_Ilala

Nimekaa siti ya mbele, mkuu. Swali la haraka: kisa kilitokea kweli au alikitunga kichwani?

PaziaJekundu

Mkongwe, visa vya aina hiyo vilikuwa vingi Urusi, maana nchi ni kubwa na mkubwa wa Petersburg sura yake huku mikoani hakuna aliyeijua. Kilichomgusa Gogol kinaelekea kwa Pushkin, mshairi wao mkubwa.

Mwaka 1833 Pushkin alisafiri hadi Orenburg kukusanya habari za uasi wa Pugachev. Akapita Nizhny Novgorod. Gavana wa pale akamtilia shaka, akamwandikia mwenzake wa Orenburg kumtahadharisha: huyu bwana anasema anatafuta historia, lakini bila shaka ametumwa kwa siri kutuchunguza. Wa Orenburg alikuwa anafahamiana na Pushkin, wakacheka pamoja.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1835, Gogol akiwa na umri wa miaka 26, hana hela, alimwandikia Pushkin barua ya kuomba kisa. Chochote, cha kuchekesha au cha kuhuzunisha, mradi kiwe cha Kirusi hasa, akaahidi kukitolea vichekesho vya matendo matano vitakavyochekesha kupita shetani. Mapema Desemba rasimu ilikuwa tayari. Miezi miwili hivi! Januari 1836 akaisoma kwa sauti nyumbani kwa mshairi Zhukovsky, na wanasimulia Pushkin alikuwa anajipinda kwa kicheko.

Binti_Pangani

Lakini huo ulikuwa utawala wa Nicholas wa Kwanza, kila maandishi yanapita kwanza kwa wadhibiti wa serikali. Ilipenyaje?

PaziaJekundu

Ilipenya kwa mlango wa juu, dada. Marafiki wa Gogol waliokuwa na njia ikulu, Zhukovsky akiwa mmoja wao, waliifikisha kwa Tsar mwenyewe, yaani huyo mfalme Nicholas, naye akairuhusu. Mdhibiti angefanya nini tena?

Usiku wa kwanza ulikuwa 19 Aprili 1836 kwa kalenda yao ya zamani, yaani 1 Mei kwa yetu, katika ukumbi wa Alexandrinsky, Saint Petersburg. Tsar alikuja na mwanawe mrithi. Alicheka, akapiga makofi, na wanasimulia kwamba akitoka alisema: leo wote wamepata, na mimi nimepata kuliko wote. Mawaziri nao wakaambiwa waende wakaitazame. Hebu vuta picha ya waziri amekaa kwenye kiti cha mahameli, bosi anacheka, naye inabidi acheke, huku kila neno linampata yeye.

Kwa Gogol ulikuwa usiku mbaya. Meya alichezwa vizuri na Ivan Sosnitsky, na yule aliyemcheza Osip, mtumishi wa Khlestakov, naye hakumwangusha. Tatizo lilikuwa Khlestakov. Nikolai Dyur alikuwa nyota wa vichekesho vyepesi vya nyimbo vya mtindo wa Paris, akamcheza kama tapeli wa kawaida, muongo mwenye mbwembwe. Bobchinsky na Dobchinsky wakavalishwa vituko, nywele timutimu, mashati yamechomoka. Gogol aliandika baadaye kwamba Khlestakov si muongo wa kazi. Anasahau kwamba anadanganya, anafika mahali anakaribia kuyaamini anayosema. Anapotamba kwamba matarishi 35,000 walitumwa barabarani kumtafuta aje aongoze idara, hakupanga kusema hivyo. Namba imemponyoka mdomoni. Anapodai kwamba yeye na Pushkin ni chanda na pete, anasema kwa furaha ya mtu anayeiona picha hiyo mbele yake.

Ukimcheza kama tapeli mjanja umeshaleta mtu mwenye akili kwenye mji ule, na tamthilia inageuka kuwa hadithi ya sungura na fisi. Gogol hakutaka sungura. Waliomfanya Khlestakov kuwa mkaguzi ni wao wenyewe, kwa hofu yao.

Mkongwe_wa_Ilala

Sasa hapo nakupinga kidogo. Tsar acheke, mawaziri waitwe, tiketi ziuzwe, halafu wewe uniambie ni tamthilia ya hatari? Naiona ilikuwa salama kabisa kwa mkubwa. Wezi wote wako mkoani, na mwisho wa yote anakuja mkaguzi wa kweli kutoka Petersburg. Ujumbe si ndio huo: huko chini wameoza, juu kuna haki, subirini? Hata kwetu viongozi wanapenda vichekesho vinavyomsema mtendaji wa kata.

PaziaJekundu

Mkongwe, hiyo hoja ina uzito, na nadhani ndivyo Tsar alivyoielewa. Ila angalia nani hakuielewa hivyo. Siku kumi baada ya usiku ule Gogol alimwandikia mwigizaji Shchepkin wa Moscow akilia kwamba wote wamemgeuka: maofisa wazee wenye heshima zao wanasema hana kitu kitakatifu, polisi wanamlaumu, wafanyabiashara wanamlaumu, hata waandishi. Wanamtukana na bado wanajaa ukumbini. Onyesho la nne tiketi zilikuwa hazipatikani. Akaongeza kwamba kama si Tsar kuiombea, isingepanda jukwaani abadani.

Na mkaguzi wa kweli unayemtaja, mtafute kwenye kitabu. Humuoni. Hana jina, hana mstari hata mmoja, hajakanyaga jukwaa. Tunachopewa ni askari mlangoni mwenye tangazo. Haki imeahidiwa na pazia limeshuka. Nani amekuambia kwamba huyo naye hatapewa mkopo wa ruble 400?

Waliolihisi pengo hilo walikuwa wa kwanza kulikimbilia. Julai mwaka uleule wa 1836, miezi mitatu tu baadaye, Petersburg ilionyesha tamthilia nyingine yenye jina la Mkaguzi wa Kweli, ya mwanamfalme mmoja, Tsitsianov. Ilianzia pale pa Gogol palipoishia. Mkaguzi mwaminifu anajitokeza, wabaya wanapata stahili zao, na kwa kufunga shughuli mkaguzi anamwoa binti wa meya! Ilianguka vibaya. Watazamaji waliokuwa wanang'ang'ania tiketi za wezi hawakutaka kumwona malaika hata kwa dakika kumi.

Binti_Pangani

Kumwoa binti wa meya 😂 huyo naye tayari ana mgongano wa maslahi.

PaziaJekundu

😂 Umemmaliza.

Twende Moscow. Mikhail Shchepkin niliyemtaja alizaliwa mtwana mwaka 1788, mali ya bwana wake kama ng'ombe, na alipata uhuru akiwa mtu mzima, tayari mwigizaji maarufu, baada ya mashabiki wake kuchangishana. Gogol alimkabidhi tamthilia aiongoze mwenyewe katika ukumbi wa Maly, akakataa kwenda hata kusimamia mazoezi. Tarehe 25 Mei 1836 Shchepkin akapanda kama meya. Fikiria mtu aliyewahi kumilikiwa anamcheza mkubwa wa mji. Alikuwa amewasoma wakubwa wa namna ile kutoka chini, mlango wa jikoni, na meya wake hakuwa jitu la kutisha bali mzee mwenye akili za mtaani, aliyeanzia ngazi za chini, anayepiga magoti kanisani Jumapili na kukamua maduka Jumatatu. Aliendelea kumcheza miaka mingi.

Gogol hakusubiri. Juni alikwishapanda meli kwenda Ulaya, na karibu miaka 12 iliyofuata aliishi zaidi nje, hasa Roma. Ila tamthilia hakuiacha. Toleo la 1842 ndilo tunalolijua leo: humo aliweka mbele methali ya Kirusi isemayo usilaumu kioo kama uso wako umepinda, na humo ndimo meya anageukia ukumbi na kuuliza: mnacheka nini? Mnajicheka wenyewe! Watu wengi wanadhani mstari huo ulikuwepo usiku ambao Tsar alikuwepo. Haukuwepo. Ningelipa kuona sura yake kama ungekuwepo.

Mwaka huohuo alichapisha kijitamthilia kingine ambacho watazamaji wanatoka ukumbini baada ya vichekesho vipya, kila mmoja anatoa maoni yake, na mwandishi amejificha kwenye baraza anasikiliza. Mwishoni anasema inamuuma kwamba hakuna aliyemwona mtu mwema kwenye tamthilia yake, ambaye alikuwepo mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo ni kicheko. Kwangu mimi hapo alikuwa ameshafika, angeacha hapohapo.

Hakuacha. Miaka ya 1840 dini ilimshika kwa namna nzito, na mwaka 1846 aliandika nyongeza ya kuchezwa baada ya tendo la tano. Ndani yake anaelezwa maana "halisi": mji ule ni roho ya mwanadamu, maofisa wezi ni tamaa zetu, Khlestakov ni dhamiri ya uongo ya kidunia, na mkaguzi wa kweli ni dhamiri itakayotungoja mlangoni mwa kaburi. Akampelekea Shchepkin aicheze siku ya onyesho la heshima yake.

Shchepkin akagoma! Barua yake ya 1847 naipenda kuliko uhakiki wote niliousoma. Alimwambia kwamba ameishi na watu hawa miaka kumi, anawajua kwa majina, ni maofisa hai, hataki vidokezo vyovyote kwamba si maofisa bali ni tamaa za moyo. Baada yangu, alisema, wageuze hata mbuzi, ila nikiwa hai sikuachii hata Derzhimorda. Derzhimorda ni polisi wa mtaani asiyefikisha hata mistari mitano kwenye kitabu kizima! Mtwana wa zamani anamkatalia mwandishi ruhusa ya kuwaokoa wezi kwa kuwafanya mafumbo. Alishinda: nyongeza ile haikuchezwa.

Mwl_wa_Korogwe

Mkuu heshima yako. Mimi nafundisha fasihi, naomba nichomekee moja ninayopenda kuwasimulia wanafunzi: onyesho la waandishi.

PaziaJekundu

Karibu mwalimu, mwage.

Mwl_wa_Korogwe

Aprili 1860, Petersburg, Gogol ameshafariki miaka minane nyuma. Chama cha kusaidia waandishi wenye shida kilihitaji fedha, wakaamua kuicheza tamthilia hii wao wenyewe, waandishi watupu. Meya akawa Pisemsky. Turgenev na Nekrasov na wenzao wakaingia kama wafanyabiashara wanaokuja kushtaki, na walipotokea tu ukumbi ukalipuka, mchezo ukasimama.

Mkuu wa posta alikuwa Dostoevsky. Alikuwa ndio kwanza amerudi Petersburg baada ya miaka kumi ya kifungo na jeshi la adhabu huko Siberia. Na moja ya mashtaka yaliyompeleka huko mwaka 1849 ilikuwa kusoma hadharani barua iliyopigwa marufuku, barua ya mhakiki Belinsky kwa Gogol huyuhuyu. Mtu aliyefungwa kwa kusoma barua akachagua kumcheza ofisa anayesoma barua za watu. Wanafunzi wangu huwa wananyamaza kidogo hapo, halafu mmoja anauliza kama alichekesha. Walioshuhudia wanasema alichekesha sana.

PaziaJekundu

Asante mwalimu, hiyo nilikuwa nimeipanga lakini umeisimulia vizuri kuliko ambavyo ningeisimulia.

Miaka iliyobaki ya karne ile nairuka. Ilichezwa kila mahali, ikawa ya kawaida, ikawa fanicha. Kila mwigizaji mkongwe alikuwa na meya wake, kila kijana na Khlestakov wake, vituko vikarithishana toka kizazi hadi kizazi.

Baada ya mapinduzi ya 1917 ikapata hatari mpya: kufanywa jumba la makumbusho. Tazameni jinsi enzi ya Tsar ilivyokuwa mbovu, asante sasa imepita. Ni uleule mkaguzi wa kweli wa Tsitsianov, ila sasa amevaa koti la chama.

Wawili hawakuukubali mtego huo. Wa kwanza ni mwigizaji Mikhail Chekhov, mpwa wa mwandishi Anton Chekhov, aliyemcheza Khlestakov mwaka 1921 katika Moscow Art Theatre chini ya mwongozaji Stanislavsky. Huyu hatimaye aliufanya uongo uwe kama Gogol alivyotaka: mtoto aliyelewa sifa, mwepesi, haelewi kesho atasema nini, karibu na wazimu.

Wa pili ni mwongozaji Vsevolod Meyerhold, na hapa nitakaa kidogo. Tarehe 9 Desemba 1926, Moscow. Alichukua rasimu zote za Gogol, pamoja na yale yaliyofutwa, akazichanganya, akaikata tamthilia kuwa vipande 15. Jukwaa alilizungushia milango iliyong'arishwa kama mbao za mahogani. Badala ya kutumia nafasi yote, waigizaji kwa makumi aliwabana juu ya vijukwaa vidogo vyenye magurudumu, vilivyosukumwa kutoka gizani, na fanicha zao na sahani zao na mishumaa. Khlestakov wake, Erast Garin, alikuwa mrefu, amevaa nyeusi, miwani usoni, na mkate wa duara wenye tundu umening'inia kwenye koti kama nishani. Kwenye kipande cha rushwa hakuna anayeingia chumbani: milango inafunguka kidogo kwa mara moja na mikono inachomoza na bahasha. Mashine tupu, haina uso.

Maofisa wake hawakuwa wa mji wa bukini tena. Aliwapandisha vyeo, akawavalisha kama wakubwa wa mji mkuu. Mkongwe, jibu la swali lako liko hapo: huyu ndiye aliyeuondoa usalama unaousema. Hakuna tena "huko chini".

Na mwisho wake! Pazia jeupe linapanda na tangazo la ujio wa mkaguzi, kisha linaonekana kundi limeganda katika mikao ileile ya mshtuko. Watu wanatazama, wanasubiri. Gogol aliandika kwamba tukio hilo la kimya lidumu karibu dakika moja na nusu, jambo ambalo hakuna mwigizaji wa damu na nyama anayeliweza bila kupepesa. Taratibu ukumbi unagundua kwamba si watu. Ni masanamu, ukubwa wa mtu.

Magazeti yalimshambulia, wengine wakamtetea, akiwemo Lunacharsky aliyekuwa kamishna wa elimu. Onyesho liliendelea kwa miaka. Mwaka 1938 ukumbi wake ukafungwa kwa amri ya serikali. Juni 1939 akakamatwa, mwezi uliofuata mkewe Zinaida Raikh, aliyekuwa mke wa meya kwenye onyesho lile, akauawa kwa visu nyumbani kwao. Meyerhold mwenyewe alipigwa risasi Februari 1940.

Binti_Pangani

Dah. Nilikuja hapa kucheka.

Mkongwe_wa_Ilala

Nimeelewa pa Meyerhold, nakubali nusu. Nusu nyingine naibakiza: bado nasema Gogol mwenyewe alimpenda Tsar na hakukusudia yote haya.

PaziaJekundu

Hakukusudia, hapo tuko pamoja. Gogol hakuwa mwanamapinduzi hata chembe. Ila aliyoyakusudia tumeshayaona kwenye nyongeza ya 1846, na mwigizaji wake akayakataa.

Nje ya Urusi nitakwenda haraka. Uingereza kuna ile ya 1966 ya Royal Shakespeare Company, Peter Hall akiongoza na Paul Scofield akimcheza Khlestakov. Mwaka 2005 National Theatre ya London ikaigeuza kuwa The UN Inspector, ya David Farr, yaani mkaguzi anayeogopwa ni wa Umoja wa Mataifa. Marekani ndio walioitendea vibaya kuliko wote, kwenye filamu ya 1949 ya Danny Kaye. Khlestakov amekuwa maskini wa Mungu mwenye moyo safi, hajui kusoma, hawezi kumdhulumu mtu, na mwisho mkaguzi wa kweli anakuja na kumpa yeye umeya! Tsitsianov angesimama kupiga makofi. Nyimbo ni nzuri, sikatai.

Afrika, Femi Osofisan wa Nigeria aliichukua mwaka 1978 akaandika Who's Afraid of Solarin? Jina linamtaja Tai Solarin, mwalimu aliyeheshimika sana na aliyewahi kuwa kamishna wa malalamiko ya wananchi, mtu ambaye viongozi wala rushwa walikuwa na sababu ya kumwogopa. Madiwani wanasubiri kwa hofu kamishna mwaminifu, wanamkuta kijana mjanjamjanja. Naipenda hiyo kwa sababu jina la mtu mwema liko kwenye jalada na halimwokoi mtu yeyote ndani.

Mwl_wa_Korogwe

Mkuu, swali la vitendo. Nina kikundi cha wanafunzi, kama 14 hivi, tunataka kuicheza hii ya Mwakasaka mwisho wa muhula. Hatuna mapambo wala mavazi ya Kirusi. Nianzie wapi?

PaziaJekundu

Mwalimu, mavazi ya Kirusi achana nayo. Suti za kubana na viatu vinavyong'aa vinatosha.

Gogol aliacha maelekezo ya waigizaji, na la kwanza kabisa ni kuogopa katuni. Kadiri mwigizaji anavyofikiria kidogo kuchekesha, ndivyo atakavyochekesha. Kila mmoja awe na shughuli yake inayomkera kweli: meya aogope kweli, hakimu awaze mbwa wake kweli. Ukiona mwanafunzi anakonyeza watazamaji, mpumzishe.

Khlestakov mpe kijana mpole, hata mwenye aibu kidogo, usimpe mchekeshaji wa darasa. Mchekeshaji mpe Osip. Kwenye hotuba yake ya uongo mwambie asikimbie, kila uongo umjie kama habari njema anayoisikia sasa hivi.

Kipande cha mikopo kichezwe haraka na kwa hesabu sahihi. Hakimu 300, mkuu wa posta 300, mkuu wa shule 300, yule wa hospitali 400. Kisha Bobchinsky na Dobchinsky wanaombwa 1,000, wanapekua mifuko yote miwili, zinapatikana 65. Ukumbi utaanguka hapo, uwaache wacheke, halafu hapohapo Bobchinsky anatoa ombi lake: ukirudi Petersburg, waambie wakubwa wote, na Tsar mwenyewe ukimwona, kwamba kwenye mji fulani anaishi Pyotr Ivanovich Bobchinsky. Basi, hana ombi jingine. Huyo mpe mwigizaji wako bora.

Wahusika ni wengi kwa watu 14, kwa hiyo wafanyabiashara na wajane waunganishe, na wale wanaoonekana tendo la tano tu wacheze vijana waliokuwa watumishi mwanzoni. Tukio la kimya lifanyieni mazoezi kuliko yote. Sekunde 40 zinatosha kwa wanafunzi, mradi kila mmoja ajue jicho lake linatazama wapi. Meya katikati, mikono imetanuka, kichwa kimeangukia nyuma. Mkuu wa posta amegeuka alama ya kuuliza. Hakimu amechuchumaa, midomo kama anataka kupiga mluzi.

Na askari anayeleta tangazo asiwe na makeke. Aingie, aseme maneno yake kama mtu anayetangaza basi limefika, asimame pembeni. Mkaguzi mwenyewe msimwonyeshe, hata mkuu wa shule akiomba apande jukwaani kufunga kwa nasaha.

Mwl_wa_Korogwe

Ameshaomba 😅

PaziaJekundu

Mpeni umeya.